Meno ya Kifuniko

"Kifuniko kilikuwa wapi?"

"Mkononi mwake."

"Mkononi mwa nani?"

"Mwa Minza, afande. Nimeshasema mara tatu."

Mkaguzi Msaidizi Séverine akaliandika jibu hilo mara ya nne. Chumba cha mahojiano cha mahabusu kilikuwa na meza moja, viti viwili na dirisha la juu lililoingiza mwanga wa asubuhi. Mbele yake alikaa Joséline, mwanamke wa miaka ishirini na sita, bado amevaa kitenge alichokamatwa nacho. Shtaka lake lilikuwa jaribio la kuua. Aliyeponea chupuchupu alikuwa Minza, mtoto wa mume wake, mwenye miaka mitatu na nusu. Jumamosi mchana mtoto huyo alikutwa nyuma ya banda la ndama huko Kakese, povu likimtoka mdomoni, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha za sindano. Alikuwa amekunywa dawa ya kupe. Hospitali ilimwahi. Leo, Jumanne, alikuwa bado wodini, lakini anapumua mwenyewe.

"Chupa ilikuwa wapi kabla ya hapo?"

"Kwenye msumari, bandani. Juu. Alipanda ndoo."

"Uliona akipanda?"

"Sikuona. Nilikuta ndoo imegeuzwa chini ya msumari. Mimi nilikuwa napepeta mchele nyuma ya nyumba."

Joséline akainama, akaanza kusema Kirundi kwa sauti ya chini, maneno ya haraka, kama anayeongea na mtu wa nyumbani. Séverine aliyaelewa yote. Yeye mwenyewe alizaliwa Katumba, kwenye makazi ya waliotoka Burundi. Akaweka kalamu mezani.

"Hapa tuongee Kiswahili. Maneno yako yaandikwe kama ulivyoyasema, asije mtu akasema nimekuongezea."

Joséline akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Nimesema mimi simchukii yule mtoto. Nimemlea tangu hajui kutembea."

"Chupa hiyo ina kifuniko cha kuzuia watoto. Imeandikwa juu kabisa, Mtoto Hafungui. Shemeji yako Ngolo anasema yeye mwenyewe, mwanaume mzima, siku walipoinunua alihangaika nayo mpaka akaonyeshwa. Sasa Minza kafunguaje?"

"Sijui."

"Wewe umewahi kuifungua?"

"Sijawahi. Ni ya mume wangu, Manyanda. Anaifungua yeye, tena kwa mkono mmoja, mwingine kamshika ndama."

Séverine akaandika na hilo, akapiga mstari, akampa karatasi asaini. Ijumaa saa tatu kesi ingetajwa. Kufika hapo wakili wa serikali alitaka kusikia kitu kimoja tu, kama mtoto wa miaka mitatu na nusu anaweza kuifungua chupa ile au hawezi. Kama hawezi, aliyeifungua ni mtu mzima, na mtu mzima aliyekuwa nyumbani alikuwa mmoja.

*

Chupa yenyewe haikuwepo. Ngolo, kaka mkubwa wa Manyanda, aliitupa motoni jioni ile ile ya Jumamosi. Séverine alikuwa amemhoji juu ya hilo siku mbili zilizopita, kwa sababu mtu anayechoma kielelezo huwa na sababu.

"Ulichoma kwa nini?" alimuuliza.

"Wewe ungekaa nayo ndani?" Ngolo alijibu. "Kitu kilichotaka kuua mtoto wako?"

"Kwa hiyo hujui kama kifuniko kilikuwa kizima."

"Kilikuwa kizima. Nilikiona. Hakina hata ufa."

Lilikuwa jibu la mtu mwenye hasira, wala halikunuka uongo. Séverine hakulifuta, ila aliliweka pembeni. Kama chupa ya Kakese imekuwa majivu, atakwenda kwa aliyeitengeneza.

Karakana ya Egide ilikuwa Shanwe, nyuma ya duka la vyuma, chini ya bati jipya. Alikuwa mwanaume mwembamba wa miaka thelathini na kitu, mikono imejaa makovu madogo ya plastiki ya moto. Alikuwa na mashine moja ya kukandamiza kwa mkono, ndoo za plastiki iliyosagwa, na rafu ndefu ya chupa zake. Aliziita Kibebeo. Kila moja ilikuwa ya nusu lita, ina mdomo mwembamba wa kumiminia na kitanzi cha kuning'iniza mkandani. Mchungaji anatembea nayo machungani, akimwona ng'ombe ana kupe anampaka pale pale, hana haja ya kurudi nyumbani kufuata dawa.

"Zamani walikuwa wanabeba kwenye chupa za soda," alisema Egide. "Mtoto akiona chupa ya soda atafanyaje? Atakunywa. Mwaka juzi mtaani kwetu tulizika mmoja. Ndiyo nikakaa chini nikachora hiki."

Akachukua kifuniko, akakitenganisha kwa bisibisi, akaweka vipande viwili kwenye kiganja cha Séverine. Kimoja kilikuwa kidogo, kimoja kikubwa, na kile kidogo kilikaa ndani ya kikubwa. Juu ya kile kidogo kulikuwa na meno kumi na mawili yaliyolala upande. Chini ya paa la kile kikubwa kulikuwa na mengine kumi na mawili.

"Cha ndani ndicho kimeshika chupa," alisema. "Cha nje kinazunguka bure. Sikiliza."

Akavirudishia, akazungusha. *Ta, ta, ta, ta.* Kifuniko kilizunguka na chupa haikufunguka.

"Meno yanarukana. Ukitaka kufungua, unabonyeza kwa nguvu, meno yanaumana, ndiyo unazungusha. Mtoto mdogo hawezi kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Kubonyeza anaweza. Kuzungusha anaweza. Vyote pamoja, hapana."

"Ulijaribu?"

"Kwa watoto wangu wawili na wa majirani saba. Nikaweka maji ndani, nikawapa. Hakuna aliyefungua."

"Umeuza ngapi?"

"Mia na themanini na tatu. Kakese, Mamba, mpaka huko Majimoto."

"Kuna mteja aliyewahi kurudi na malalamiko?"

Egide alikuwa anarudisha bisibisi kwenye kopo lake. "Hajarudi hata mmoja."

Séverine akaomba Kibebeo kumi mpya. Egide akazitoa bila swali, akazifuta vumbi moja moja. Alipomkabidhi ya mwisho alisema, "Afande, mimi namwonea huruma yule mama. Lakini kifuniko changu siwezi kukisingizia."

*

Jumatano asubuhi Mwalimu Vénérande, mwenye shule ya chekechea hapo hapo Shanwe, aliwapanga watoto ishirini kwenye mkeka, wawili wawili, kila wawili na chupa moja ya kupokezana. Wazazi walikuwa wamesaini karatasi jana yake jioni, nyumba kwa nyumba, huku Koplo Kalisti akiwasomea kwa sauti. Ndani ya chupa kulikuwa na maji ya kunywa yaliyochanganywa na juisi ya ukwaju.

"Nyie," alisema mwalimu, "ndani kuna juisi. Atakayefungua anakunywa."

Kalisti akabonyeza saa ya simu. Dakika tano. Watoto walivuta, walizungusha, walikalia. Mkeka mzima ukawa unalia *ta, ta, ta*. Mvulana mmoja akang'ata kifuniko mpaka akaacha alama za meno. Mwingine akaigonga sakafuni, akalia, akanyamaza mwenyewe. Dakika tano zikaisha. Mwalimu akawaonyesha mara moja namna ya kufungua, kama Séverine alivyomwomba, wakapewa tano nyingine. Bado.

Kati ya ishirini, hakufungua hata mmoja.

Séverine akaandika majina, umri na muda, mwalimu akasaini chini. Watoto wakagawiwa juisi kwenye vikombe. Kalisti akakusanya chupa kwenye mfuko, akatoka nje, akasimama kando ya gari.

"Basi, afande," alisema. "Imeisha hiyo. Ni mama wa kambo."

"Imeisha vipi?"

"Ishirini kwa sifuri. Wakili akiona hii karatasi hatauliza kingine."

Alikuwa sahihi, na Séverine alilijua hilo. Karatasi aliyoishika mkononi ilitosha kumfunga Joséline miaka mingi, na mwandishi wake alikuwa yeye. Akaikunja, akaitia kwenye jalada.

Kalisti alikuwa amechukua Kibebeo kimoja, amekipachika kwenye mkanda wake kama mchungaji, anajaribu kukifungua. Akabonyeza. Chupa ikashuka ikagonga paja lake. Akabonyeza tena. Ikashuka tena.

"Hii ya mkandani haishikiki," alisema akicheka. "Ukibonyeza inakimbia chini."

"Rudia."

"Nini?"

"Rudia ulivyofanya. Mkono mmoja."

Kalisti akarudia. Chupa ikaning'inia, ikakwepa kidole. Hapakuwa na kitu chini yake cha kuikinga. Ili kuibonyeza ilibidi aikamate kwa mkono wa pili.

Séverine akalifungua jalada juu ya boneti, akatafuta karatasi ya jana, akasoma kwa sauti: "'Anaifungua yeye, tena kwa mkono mmoja, mwingine kamshika ndama.'" Akamtazama Kalisti. "Manyanda ana mikono mingapi?"

Kalisti akaacha kucheka.

"Ingia kwenye gari," alisema Séverine. "Kakese."

*

Walimkuta Manyanda anarekebisha uzio wa zizi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyekonda ndani ya siku nne. Ngolo alikuwepo pia, amekaa juu ya gogo, hakuinuka.

"Shikamoo, mzee," Séverine alimsalimia Ngolo kwanza, kisha akamgeukia mdogo wake. "Nionyeshe unavyopaka ndama dawa."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Chupa hii ina maji."

Manyanda akafunga Kibebeo kipya mkandani, akamvuta ndama mmoja kwa kamba, akamkumbatia shingo kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ukashuka kwenye kifuniko bila yeye kutazama, vidole viwili na gumba, ukazungusha.

*Ta, ta, ta.*

Akashangaa. Akazungusha tena. Akaitazama chupa.

"Hii inagoma," alisema.

"Ile yako ilikuwa haigomi?"

"Mwanzoni ndiyo, iligoma kama hii. Baadaye ikazoea."

"Ikazoea vipi?"

"Ikawa inafunguka tu. Unazungusha, imetoka. Nikaona afadhali, maana ile ya kubonyeza inasumbua ukiwa na mnyama."

"Uliinunua lini?"

"Mwezi wa tatu. Ikazoea kama mwezi wa nne mwishoni."

Ngolo alikuwa amesimama. "Wewe Manyanda, unasema nini?"

"Nasema ilivyokuwa, kaka."

"Mbona hukusema Jumapili?" Séverine aliuliza.

"Hamkuniuliza chupa. Mliniuliza kama mke wangu anampenda mtoto."

Séverine ndiye aliyeuliza swali lile Jumapili. Akachomoa daftari, akaandika saa, mahali na maneno ya Manyanda kama yalivyotoka, likiwemo lile "ikazoea". Kisha akauliza ni nani mwingine hapo kijijini mwenye Kibebeo.

Walizunguka nyumba tisa mpaka alasiri. Séverine alikuwa na kamba ya katani na glavu za hospitali. Kila nyumba alifanya jambo lile lile. Alifunga kamba kwenye kitanzi cha chupa, akaining'iniza kwenye tawi au kwenye boriti, bila kitu chini yake, akazungusha kifuniko kwa vidole viwili. Kalisti alipiga picha na kuandika tarehe ya kununuliwa.

Ya kwanza ilifunguka. Ya pili ikafunguka. Ya tatu ikalia *ta, ta*, ikagoma. Ya nne ilifunguka kirahisi hivi kwamba dawa ikamwagika kwenye glavu, mwenye nyumba akawarudisha wanawe nyuma kwa mkono. Kufikia ya tisa, sita zilikuwa zimefunguka na tatu zimegoma.

"Zilizogoma zilinunuliwa lini?" Séverine aliuliza.

Kalisti akapitisha kidole kwenye orodha. "Mwezi huu, isipokuwa hii ya tisa, ni ya zamani. Zilizofunguka ni za mwezi wa tatu na wa nne."

"Watoto wa chekechea tuliwapa mpya."

"Mpya kabisa, afande. Tena za maji."

"Ndiyo kosa letu. Minza hakufungua mpya."

Nyumba ya tisa ilikuwa ya mzee Machibya, mfugaji mwenye ng'ombe wengi kuliko wote upande ule. Chupa yake ilikuwa miongoni mwa zile tatu zilizogoma, naye hakuonekana kushangaa.

"Hiyo inagoma kwa sababu kifuniko ni kipya," alisema. "Chupa ni ya zamani. Kifuniko cha kwanza kililegea nikamrudishia fundi, akanipa kingine."

Séverine aliyekuwa anavua glavu akasimama hivyo hivyo, moja imetoka nusu. "Ulimrudishia nani?"

"Fundi mwenyewe. Egide. Kijana mzuri, hakunibishia. Aliniambia nilikaza sana."

"Siku gani, mzee?"

"Siku ya mnada. Nilitoka mnadani nikapitia kwake."

*

Alhamisi saa moja asubuhi Egide alikuwa anawasha mashine. Séverine hakukaa. Akaweka mezani vifuniko sita ndani ya mifuko ya nailoni iliyofungwa, kila mmoja na karatasi yake.

"Jumanne nilikuuliza kama kuna mteja aliyerudi."

Egide akavitazama vile vifuniko. Akazima mashine.

"Nitauliza tena," alisema Séverine. "Na safari hii Koplo anaandika."

"Walirudi watatu."

"Vifuniko vyao viko wapi?"

Egide akavuta droo ya chini, akatoa kopo la maziwa ya unga, akamimina. Vilidondoka vitatu. Séverine akavaa glavu, akachukua kimoja, akajaribu kuchezesha cha nje juu ya cha ndani. Havikuachana. Vilikuwa vimekuwa kitu kimoja.

"Eleza."

"Dawa ya kupe ina mafuta yake ndani, yale yanayofanya ichanganyike na maji. Yakipanda kwenye kifuniko plastiki inalainika, inavimba kidogo. Meno ya juu na ya chini yanaumana hayaachani. Hapo huna haja ya kubonyeza tena. Kinakuwa kifuniko cha kawaida."

"Kilichoandikwa Mtoto Hafungui."

"Ndiyo."

"Ulijaribu kwa maji tu."

"Ningejaribu kwa nini, afande? Nani anampa mtoto wake dawa ya kupe aijaribu?"

"Ungeweka dawa mwezi mzima ukaona kifuniko kinakuwaje. Hapo hakuna mtoto anayehitajika."

Egide akalifunika kopo lile tupu.

"Wa kwanza alipokuja ulisemaje?"

"Nilisema amekaza sana."

"Wa pili?"

"Nikasema bahati mbaya."

"Na wa tatu?"

Mashine ilikuwa inapoa, chuma kikilia kidogo kidogo. Egide alikaa kwenye kigoda chake cha kazi.

"Wa tatu nilijua," alisema.

"Alikuja lini?"

"Tarehe ishirini, mwezi wa tano."

"Minza alikunywa tarehe saba, mwezi wa sita. Siku kumi na nane. Ulifanya nini ndani ya hizo siku kumi na nane?"

"Nilianza kuchora kipya. Cha plastiki ngumu, na meno yamekaa mbali zaidi." Akanyoosha mkono kuelekea ukutani, kulikokuwa na michoro mitatu imebandikwa. "Nilisema nikikimaliza ndipo nitawatafuta wote niwabadilishie kimya kimya. Nikiwaambia kabla, nani atanunua tena kwangu?"

"Na yule mama aliyeko mahabusu? Jumanne ulisema unamwonea huruma."

Egide akafunika uso kwa mikono yake yenye makovu. Kalisti aliacha kuandika, akamtazama bosi wake. Séverine alingoja mpaka mikono iliposhuka.

"Nataka vitu viwili," alisema. "Cha kwanza, vifuniko kumi visafi, havijawahi kugusa dawa, lakini umeyashikanisha meno yake kama haya hapa. Utaweza?"

"Naweza. Nayeyusha kwa msumari wa moto. Saa mbili tu."

"Anza. Cha pili, majina ya wote mia na themanini na tatu."

"Daftari lipo."

"Jioni utakwenda redioni, useme mwenyewe, kwa sauti yako. Kila mwenye Kibebeo akiweke mahali pa kufunga kwa kufuli mpaka tufike. Na maelezo yako utasaini mbele yangu, kisha jalada lako litakwenda kwa wakili kama la mtu mwingine yeyote. Sikuahidi kitu."

"Sijaomba kitu, afande," alisema Egide, akawasha jiko la mkaa.

*

Saa tisa alasiri mkeka ulitandikwa tena. Walikuwa watoto wale wale, mwalimu yule yule, chupa mpya zenye juisi ya ukwaju. Vifuniko tu ndivyo vilivyobadilika. Wakili wa serikali alikuwa amekuja mwenyewe, amekaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yamemfika kifuani. Egide alisimama mlangoni. Hakuna aliyemwita, wala hakuna aliyemfukuza.

"Nyie," alisema Mwalimu Vénérande, "kama jana."

Kalisti akabonyeza saa.

Safari hii hapakuwa na mlio wa *ta, ta*. Kulikuwa na kimya cha watoto wanaohangaika. Msichana mdogo kuliko wote, nywele zimesukwa mistari minne, aliikumbatia chupa kifuani, akashika kifuniko kwa kiganja kizima, akazungusha. Kikatoka. Hakumwangalia mtu. Akainua chupa kwa mikono miwili, akanywa.

"Sekunde kumi na mbili," alisema Kalisti.

Msichana aliendelea kunywa, juisi ikimchuruzika kidevuni, kifuniko kimebaki mkononi mwake. Mlangoni Egide aligeuka akatazama nje, akashika nguzo.

Kila chupa iliyofunguliwa ilifungwa tena na kupewa mwenzake, na dakika tano zilipoisha, waliofungua walikuwa kumi na wanne. Wakili akasimama kwa shida, akapangusa suruali. Akaomba karatasi zote mbili, ya Jumatano na ya Alhamisi, akazisoma zikiwa zimelala sambamba kwenye dawati, pamoja na maelezo ya Manyanda na picha za kamba za Kakese.

"Huyu mama alisema kifuniko kilikuwa wapi?" aliuliza.

"Mkononi mwa mtoto," alisema Séverine. "Alisema hivyo tangu siku ya kwanza."

*

Ijumaa kesi ilitajwa saa tatu na robo. Wakili wa serikali alisimama, akaiambia mahakama kwamba Jamhuri haina nia ya kuendelea na shtaka. Ilichukua muda mfupi kuliko kumwita mshtakiwa kizimbani. Joséline hakuelewa mpaka askari alipomfungulia kijimlango na kumwonyesha njia ya kutokea.

Nje, Manyanda alisimama kando ya pikipiki yake, kofia mkononi. Joséline alimpita, akaja kwa Séverine.

"Hospitali ni mbali kutoka hapa?"

"Nakupeleka."

Gari la polisi lilikuwa tayari, limeelekezwa barabarani. Kiti cha nyuma alikaa Egide na daftari lake magotini, kando yake masanduku mawili ya karatasi yakiwa na vifuniko tisa vilivyoharibika. Tangazo lilikuwa limesomwa redioni mara tatu tangu jana jioni. Ukitoa sita za Kakese na ile iliyochomwa, kulikuwa bado na chupa mia moja na sabini na sita, na Séverine alikusudia kulala Mamba siku hiyo. Joséline alipofungua mlango akamkuta Egide, alisimama.

"Huyu ni nani?"

Egide alishuka. Akasimama mbele yake kwenye jua.

"Ni mimi niliyetengeneza kile kifuniko, mama. Nilijua kimeharibika, nikanyamaza."

Joséline alimtazama, akashika mlango wa gari.

"Sogea nipite," alisema. "Mtoto wangu ananingoja."

Wodi ya watoto ilikuwa na vitanda vilivyopangwa pande mbili. Minza alikuwa kwenye kile cha mwisho, amekaa, anakula uji kwa kijiko chake mwenyewe. Pembeni yake alikuwa Ngolo, aliyekuwa akilala hapo kila usiku tangu Jumapili na kuagiza kwamba Joséline asikanyage. Alipomwona anaingia na askari nyuma yake, aliinuka. Wodi nzima ilimwona akiinuka. Joséline alisimama katikati ya njia, kitenge kimekunjamana, hajui kama asogee au arudi.

Minza akatupa kijiko. "Mama! Ulienda wapi?"

Joséline akaenda. Akampakata, uji na vyote, akamfichia uso wake shingoni.

Muuguzi alikuja na fomu ya kumruhusu mtoto, akavuta kalamu mfukoni. Alikuwa wa zamu mpya, hakujua lolote lililopita pale.

"Nani anamchukua mtoto?" aliuliza. "Nahitaji jina na uhusiano."

Joséline aliinua kichwa, akamtazama Ngolo. Séverine alibaki mlangoni. Hilo halikuwa la polisi kujibu.

Ngolo alikohoa. Aliitazama sakafu, kisha akamtazama muuguzi.

"Andika Joséline," alisema. "Hapo kwenye uhusiano andika mama yake."